Mashine Iulize, Kikundi Kisikilize

Hotuba kwa wanavikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo juu ya vijana na kazi

Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba leo. Mvua imenyesha na tunajua kila mmoja hapa ana palizi inayomngoja, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Vikundi vitatu vilituomba tuseme neno juu ya jambo moja. Vijana wetu wanaitwa kwenye mahojiano ya kazi, ile intavyu. Wanakwenda, wanarudi, na kazi hawapati. Sasa wamesikia kwamba kuna programu kwenye simu ambazo mtu anaweza kuzungumza nazo, zikamuuliza maswali kama vile jopo la waajiri linavyouliza, akafanya mazoezi kabla ya siku yenyewe. Wazazi wanatuuliza: Je, hicho ni kitu cha kweli, ama ni ulaghai mwingine wa simu? Tutoe pesa za bando ama tusitoe?

Jibu letu ni kwamba ni kitu cha kweli, na kinasaidia. Lakini nusu ya kazi haiwezi kufanywa na simu. Nusu hiyo ni yenu ninyi mlioketi hapa.

Hebu tuangalie ugonjwa kabla ya kuzungumza juu ya dawa. Kijana wetu anashindwa wapi? Wengi husema ni ufisadi, kwamba kazi zimeshagawanywa kabla hata tangazo halijatoka. Hatukatai kwamba mambo hayo yapo. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 232, inasema watu waandikwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa kustahili. Kama ingefuatwa kila mahali, manung'uniko yangepungua. Lakini tunapokaa na vijana na kuwauliza watueleze yaliyotokea ndani ya kile chumba, mara nyingi tunasikia jambo lingine. "Waliniambia nijieleze. Nikasema jina langu na shule nilizosoma, nikanyamaza. Wakaniangalia. Nikaangalia chini." Basi. Hapo ndipo kazi ilipopotelea, kabla hata ya kufika kwa mambo ya ufisadi.

Na tusimlaumu. Ni sisi tuliomlea hivyo. Mtoto mwenye adabu hamkazii mtu mzima macho. Hajisifu. Akiulizwa na mgeni hujibu kwa ufupi na kungoja aulizwe tena. Hiyo ni heshima, na hatusemi iachwe. Lakini siku moja tunampa nauli, anaingia chumba chenye watu watano wenye suti, na kwa muda wa nusu saa anatakiwa afanye kila kitu tulichomkataza kwa miaka 20. Awatazame usoni. Aseme mazuri aliyoyafanya. Aongee kirefu bila kuombwa mara ya pili. Na yote hayo ayaseme kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani hatuitumii hata kumfukuza kuku. Mtoto wa meneja mjini amefanya mazoezi haya kila siku wakati wa chakula, baba akimuuliza na yeye akijibu. Wetu hajafanya hata mara moja.

Kwa hiyo anachokosa si akili, na mara nyingi si cheti. Ni mazoezi ya mdomo. Hapo ndipo hizi programu za akili bandia zinapoingia.

Ni kitu gani hasa? Ile inayojulikana zaidi inaitwa ChatGPT. Ilitolewa kwa watu na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwezi wa Novemba mwaka wa 2022. Google nao wana yao inayoitwa Gemini, na kuna nyingine. Unaandika neno, ama unabonyeza alama ya maikrofoni na kusema, nayo inakujibu. Hakuna mtu ameketi Marekani akikujibu. Ni kompyuta kubwa ambazo zimelishwa maandishi mengi mno, na kutokana na maandishi hayo zinakisia ni neno gani linafaa kufuata neno lililotangulia. Zinakisia vizuri hata unadhani zinafikiri kama wewe. Kwa sababu zimelishwa habari nyingi juu ya mahojiano, zinajua maswali yanayoulizwa. Lakini kwa sababu zinakisia, zinaweza pia kukuambia uongo kwa sauti ya uhakika kabisa, bila kuona haya.

Na msidhani ni kitu cha Wazungu peke yao. Gazeti la TIME la Marekani liliandika mnamo Januari 2023 kwamba vijana hapa kwetu Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu kabisa, ili mashine hiyo ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Kwa hiyo jasho la watoto wetu limo ndani yake. Kijana akiitumia kutafuta kazi, asifikiri anaomba msaada kwa mtu.

Uzuri wake kwanza. Haichoki. Haicheki. Unaweza kuiuliza swali lile lile mara kumi saa tano za usiku wakati wengine wamelala, na mara ya kumi inakujibu kwa upole kama ya kwanza. Kwa kijana mwenye haya hilo ni jambo kubwa, maana anaweza kukosea mara tisa bila mtu kumwona. Kiingereza chake kikiwa kimevunjika, itamwonyesha namna ya kukinyoosha. Na anaweza kuanza kwa Kiswahili apate kupanga mawazo yake, halafu ahamie Kiingereza. Lugha zetu za nyumbani bado inazikoroga, kwa hiyo huko tusiitegemee.

Lakini lazima uiambie unataka nini. Ukiiambia tu "nisaidie na intavyu," itakumwagia ukurasa mzima wa mashauri ambayo hutayasoma. Wacha tuseme kijana ameitwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kwa kazi ya mwalimu wa chekechea. Aandike, ama aseme, maneno ya namna hii:

"Wewe ni mwenyekiti wa jopo la mahojiano la kaunti nchini Kenya. Mimi nimeomba kazi ya mwalimu wa chekechea katika shule ya umma ya kijijini. Niulize swali moja tu, kisha ungoje nijibu. Usinipe jibu. Nikijibu, uliza swali la pili linalotokana na jibu langu. Baada ya maswali manane, niambie ni wapi nilikuwa hafifu. Usinisifu."

Hayo maneno ya mwisho msiyaache. Mashine hizi zina tabia ya kumpendeza mtu. Unajibu vibaya nayo inasema "vizuri sana, jibu lenye nguvu." Mnamo Aprili 2025 OpenAI wenyewe walilazimika kuliondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilizidi kuwasifu watu kupita kiasi. Kijana anayetoka kwenye mazoezi akiwa amesifiwa tu amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jambo lingine, afanye kwa sauti. Tumewaona vijana wakiandika majibu mazuri kwa kidole, lakini ukimwambia ayaseme anakwama. Jopo halitampa simu aandike. Tunajua sauti inakula bando zaidi kuliko maandishi. Basi kama pesa ni kidogo, mtu mmoja mwenye simu aombe maswali kumi na mawili, ayanakili kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, ibandikwe ukutani, na simu izimwe. Maswali hayahitaji bando. Hata kikundi kisicho na simu ya namna hiyo kinaweza kuazima karatasi kutoka kwa kikundi jirani.

Sasa ubaya wake, na hapa tutakaa kidogo.

Mashine haijui kwenu. Katika mazoezi ya kazi hiyo hiyo ya chekechea, iliuliza mwalimu atafanya nini mtoto akiwa na ugonjwa wa kudhuriwa na njugu, na atatumiaje kompyuta ndogo za watoto darasani. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema, "Mwulize atafanya nini mtoto akija hajala, na mto umefurika, na mwenzake hajafika." Hilo ndilo swali. Mashine haikulifikiria kwa sababu haijawahi kuvuka ule mto. Mkiiambia hali ya kwenu itauliza vizuri zaidi, lakini lazima kuwe na mtu wa kuiambia.

Na juu ya sheria na taratibu, msiitumie kama wakili. Kwa mfano, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022. Inasema mwajiri asidai vile vyeti vya uidhinisho, kama cheti cha polisi cha tabia njema au kile cha kodi, ila awe anakusudia kumwandika mtu kwa mkataba. Mashine inaweza kukwambia ukimbilie vyeti vyote siku ya kwanza, na mtoto akatumia pesa za mbolea kuvitafuta. Soma tangazo lenyewe. Kama halieleweki, nenda ofisi iliyolitoa, ama upige simu.

Lakini ubaya mkubwa ni huu: inamwondolea kijana hadithi yake na kumpa ya mtu mwingine. Tuna mfano, na binti mwenyewe ameturuhusu tuueleze bila kutaja jina lake. Alikuwa ameitwa kwa kazi ya karani wa hesabu katika chama cha ushirika cha maziwa. Alikaa na kikundi cha mama yake, simu ikawekwa katikati ya meza. Mashine ikauliza: "Tueleze wakati ulipokutana na tatizo kazini, na jinsi ulivyolitatua." Binti akasema, "Sijawahi kufanya kazi." Akanyamaza.

Wakaiomba mashine imsaidie kuboresha jibu. Ikaandika, kwa Kiingereza cha kupendeza, kitu kama hiki: "Mimi ni mtaalamu mwenye shauku ninayeongozwa na matokeo. Katika nafasi yangu ya awali niliboresha mifumo ya fedha na kuongeza ufanisi kwa asilimia 30."

Kina mama walitafsiriwa, wakatazamana. Mwenyekiti wao akauliza, "Nafasi gani hiyo ya awali? Na asilimia 30 ya nini?" Binti akacheka mpaka akafunika uso. Mnaona hatari yake. Angeyakariri hayo, akayasema mbele ya jopo, na mtu mmoja tu angemuuliza swali lile lile la mwenyekiti, mchezo umekwisha. Tena si yeye peke yake. Wakienda vijana watano kutoka lokesheni moja, wote wamepewa majibu na mashine moja, jopo litawasikia watano "wenye shauku wanaoongozwa na matokeo" kabla ya saa sita. Wenye jopo si wajinga.

Halafu mama mmoja akasema polepole, "Na ile siku kitabu kilikataa?"

Wote wakakumbuka. Huyu binti ndiye mwandishi wa vitabu vya kikundi hicho kwa miaka miwili, bila malipo. Hakuhesabu hiyo kuwa kazi, maanake hakuna barua ya kuajiriwa. Wakamvuta kidogo kidogo. Mmoja anakumbuka kiasi, mwingine anakumbuka ilikuwa kabla ya Krismasi, mwingine anakumbuka nani alinung'unika. Mwishowe jibu likawa hivi:

"Kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka vitabu vya kikundi cha wanawake 22. Siku moja pesa za kisanduku zilikuwa pungufu ya kitabu kwa shilingi 1,400, na watu wakaanza kushukiana. Niliomba wiki moja. Nilikusanya kadi za wanachama wote, nikalinganisha kadi na kitabu mstari kwa mstari. Nikapata kwamba malipo ya mkopo ya mama mmoja, shilingi 1,400, yaliandikwa mara mbili. Nilisahihisha mbele ya kikundi chote. Tangu siku hiyo kila anayelipa anaweka sahihi hapo hapo, na hatujapata upungufu tena."

Hali ilivyokuwa, kazi yangu ilikuwa nini, nilifanya nini, mwishowe ikawaje. Ndivyo wanavyofundisha watu kujibu katika vitabu vya mahojiano, na binti aliupata mpangilio huo bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo mambo yalivyotokea. Wakamrudisha kwa mashine na jibu hilo. Hapo mashine ilifanya kazi yake vizuri mno. Ikamuuliza: "Kwa nini ulianza na kadi badala ya kumuuliza mweka hazina?" Akajibu kwamba kumuuliza mweka hazina mbele za watu kungekuwa kama kumshtaki. Ikamuuliza tena: "Na kama kadi nazo zingekuwa na makosa, ungefanyaje?" Alifikiri kwa muda mrefu. Maswali ya kumfuata mtu nyuma namna hiyo ndiyo yanayowaangusha watoto wetu, na mashine haiishiwi nayo.

Hatutawadanganya. Alikwenda kwenye mahojiano hayo na hakuchukuliwa. Walikuwa wengi na nafasi zilikuwa mbili. Lakini aliongea muda wote aliopewa, na hakuangalia chini. Mara iliyotangulia alitoka baada ya dakika sita.

Kuna swali moja ambalo tumeliona likiwaumiza vijana zaidi ya yote: "Ulimaliza chuo mwaka wa 2021. Umekuwa ukifanya nini tangu wakati huo?" Mashine itampa maneno ya kufunika, ati alikuwa "akijiendeleza binafsi." Hapana. Kama alikuwa akimuuguza bibi yake, aseme. Kama alikuwa akifanya vibarua vya mawe, akiuza mitumba sokoni, akiendesha bodaboda, aseme, na aseme alijifunza nini kwa wateja na kwa pesa. Lakini kijana peke yake na simu usiku hataamini kwamba hayo yana thamani. Anahitaji kuyasikia kutoka kwa watu waliomwona akiyafanya. Ndiyo maana tunasema nusu ya kazi ni yenu.

Kwa hiyo, namna tunayoshauri: watu watatu waketi upande mmoja wa meza kama jopo, kijana aketi upande wa pili, simu iwe mikononi mwa mmoja wa jopo. Mashine itoe swali, mtu alisome kwa sauti, kijana ajibu akimtazama mtu na siyo simu. Wengine wasikilize mambo mawili tu. Je, alichosema ni kweli? Je, tumesikia mfano, ama tumesikia sifa tupu? Mzee asiyejua Kiingereza asijitoe. Yeye ataangalia macho, mikono na sauti, na hayo huonekana katika lugha yoyote. Msimrukie kijana wote kwa pamoja. Watu wawili waseme, inatosha.

Juu ya usalama, haraka haraka. Usiiambie mashine nambari ya kipande, nambari ya kodi, nambari ya siri ya M-Pesa, wala majina na simu za watu waliokubali kukushuhudia. Mazungumzo yanaweza kuhifadhiwa na kampuni, na kwa ChatGPT kuna mahali katika mipangilio pa kukataa yasitumiwe kuifundisha mashine. Vijana mnajua kupatafuta. Pili, mashine haiwezi kukuhakikishia kwamba tangazo la kazi ni la kweli. Anayedai pesa za "kuandikisha intavyu," awe ni wa Mombasa ama wa Ghuba, mwogopeni. Mawakala wa kazi za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ulizeni huko kabla ya kuuza mbuzi. Tatu, mahojiano yakifanywa kwa simu au kwa video, usiweke mashine pembeni ikunong'oneze. Macho yanaonekana yakisoma.

Mzee mmoja alituuliza wakati wa chai: na hao waajiri, hawataweka mashine upande wao pia? Mzee, tayari wapo wanaozitumia kuchuja barua za maombi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na anaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ni haki ambayo wachache wanaijua, na tutaileta siku nyingine na mtu wa sheria aieleze vizuri kuliko sisi.

Sasa, yule binti ameitwa tena mahali pengine, Alhamisi ya wiki ijayo. Kesho kutwa saa tisa alasiri atakuwa hapa hapa ukumbini kufanya mazoezi. Bando limeshanunuliwa na kikundi cha mama yake. Tunahitaji watu watatu wa kuketi kama jopo, na tungependa angalau wawili wawe ni watu asiowajua. Nani ataketi?